Paipu ya breki iliyooza haiungwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wengi wetu wenye magari makuukuu tunalijua kwa juu juu tu, nalo ni namna ya kutengeneza paipu ya breki iliyoliwa na kutu hadi ikakatika. Nasema paipu ya breki, yaani ule mrija mwembamba wa chuma unaotoka kwenye masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali, chini ya boneti, ukapita ubavuni mwa chesisi na kwenda hadi magurudumu ya nyuma. Hozi ya mpira ina habari zake, na pedi zina habari zake. Leo nazungumzia mrija huo tu, ambao unene wake haufikii wa penseli.

Mimi ni dereva mstaafu wa hapa wilayani Kasese. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kubeba chumvi ya Katwe, na msomaji wa Kampala asidhani kwamba nazungumzia ule mtaa wao wa wachomeleaji vyuma. Nazungumzia ziwa la chumvi lililomo ndani ya shimo la volkano, jirani na Ziwa Edward, ambako watu huvuna chumvi katika vidimbwi walivyovitenga kwa udongo na miti. Pikapu yangu ilipakia magunia pale, ikavuka daraja la Katunguru, ikapanda mlima wa Kichwamba kuelekea Bushenyi na Mbarara, kisha ikarudi na matoke. Mzigo uliokuwa ukiozesha chuma ulikwenda juu, na mzigo uliohitaji breki ulikuja chini, juu ya chuma kilekile.

Chumvi ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo chuma kilichopakwa vumbi la chumvi hakikauki sawasawa hata wakati wa kiangazi. Unyevu huo wa chumvi hupenya kila mahali rangi ilipokwaruzika na kuanza kula chuma chini yake, kimyakimya, na mwenye gari akitazama kwa mbali huona rangi bado ni nyeusi. Anayetaka ushahidi na aende akaangalie kiwanda cha chumvi kilichobaki gofu kando ya ziwa hilo. Kilijengwa kwa mitambo iliyotoka Ujerumani, kazi iliyoanza katika miaka ya 1970, na muda mfupi baada ya kuwashwa mabomba ya kupashia moto maji ya ziwa yakaliwa na maji hayohayo, kiwanda kikafa. Ikiwa mabomba ya kiwanda kizima yalishindwa, sijui ni kwa nini nilitarajia mrija wa pikapu yangu, ambao ukuta wake ni kama nusu milimita na kitu kidogo, udumu milele.

Wala wabeba chumvi si peke yao katika jambo hili. Magari mengi tunayonunua Uganda yametumika Japani kwanza, na huko kaskazini mwa Japani, katika kisiwa cha Hokkaido na maeneo mengine yenye theluji, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Gari lililotembea huko miaka minane au kumi huja kwetu likiwa na viti safi na injini tulivu, huku chini ya sakafu kutu imekwisha kuweka kambi, mara nyingine imefunikwa kwa rangi nyeusi mpya iliyopulizwa siku chache kabla ya gari kupanda meli. Sheria yetu iliyorekebishwa mwaka 2018 inakataza kuingiza nchini gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, na hilo ni jema, lakini haiyagusi magari yaliyokuwa yamekwisha kuingia, nayo ndiyo tunayoyaendesha wengi wetu. Mnunuzi wa Kiganda hufungua boneti, husikiliza injini, hupiga teke tairi. Kulala chini na tochi huona kama ni kujichafua bure.

Sasa nieleze yaliyonipata. Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho wa kazi, tukiwa tunashuka Kichwamba na matoke, mimi na utingo wangu. Katika kona moja nikakanyaga breki, pedali ikasimama kidogo kama kawaida, halafu ikazama. Haikufika sakafuni kabisa, na hiyo ndiyo sababu naandika barua hii mimi mwenyewe. Masta silinda ya siku hizi imegawanywa vyumba viwili, na katika pikapu kama yangu chumba kimoja husukuma mafuta kwenye magurudumu ya mbele na kingine kwenye ya nyuma, ili upande mmoja ukivuja mwingine ubaki. Upande wangu wa nyuma ulikuwa umekwisha kumwaga mafuta barabarani. Nilibaki na breki za mbele peke yake, na mzigo wote wa matoke ukinisukuma mgongoni, nazo zilianza kunuka moto kabla hatujafika kona iliyofuata. Nilirudisha gia ya tatu, kisha ya pili, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, kwa kuwa hiyo hutumia waya na haina habari na mafuta, nikauingiza upande wa kushoto wa gari katika mtaro ulio ubavuni mwa mlima. Tulisimama. Utingo aliteremka na kukaa juu ya jiwe bila kusema neno, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuulizia chakula.

Nilipolala chini ya gari niliona kilichotokea, na kusema kweli sikushangaa, kwa maana nilikuwa nakijua. Wiki tatu kabla yake paipu hiyo ilikuwa imeanza kutoa jasho pale inapopita juu ya tairi la nyuma. Nilimpelekea fundi mmoja wa kando ya barabara, naye akakata kipande kilichooza, akaunganisha ncha mbili kwa mpira wa kupitishia dizeli, akabana kila upande kwa klipu ya bisibisi. “Mzee,” aliniambia, “hii itakupeleka Kampala na kukurudisha.” Nikamlipa, nikamshukuru, nikaondoka. Simlaumu yeye zaidi ya ninavyojilaumu mimi, kwa sababu alinieleza wazi kwamba paipu mpya ingegharimu mara kadhaa ya kile kipande cha mpira, na kwamba ingebidi niliache gari siku nzima, na mimi ndiye niliyesema kwamba chumvi inangoja.

Naomba msomaji anielewe kwa nini mpira ule haukuwa na nafasi yoyote ya kushinda. Tairi la pikapu huwekwa upepo wa pauni thelathini au arubaini hivi kwa kila inchi ya mraba, na tunaliona hilo kuwa ni shinikizo kubwa, kwa kuwa tairi likipasuka watu wote sokoni hugeuka. Ndani ya paipu ya breki, dereva anapokanyaga kwa nguvu, shinikizo hupita pauni 1,000. Hakuna klipu ya bisibisi iliyotengenezwa kushika shinikizo hilo. Zaidi ya hayo, mpira wa mafuta ya dizeli haupatani na mafuta ya breki. Mafuta hayo huuvimbisha na kuulainisha, kwa hiyo kila siku iliyopita baada ya matengenezo yale kiungo kilikuwa kikizidi kuwa dhaifu, hata kama gari lilikuwa limelala. Ukikanyaga polepole kwenye tambarare kinashika. Siku utakayokanyaga kwa hofu ndiyo siku kitakayoachia, na hiyo ndiyo siku pekee uliyokuwa ukikihitaji.

Ziko hila nyingine ninazoziona katika gereji zetu na katika nyua za nyumba zetu, nazo nazihesabu katika kundi hilohilo. Wapo wanaoichomelea paipu kwa gesi. Moto huunguza mipako ya zinki inayoizuia kutu, na ukuta mwembamba hubaki mwepesi zaidi kando ya kiraka, kwa hiyo paipu hukatika tena nusu inchi kutoka pale ilipochomelewa. Wapo wanaotumia kiungo cha kubana cha mabomba ya maji au ya gesi, chenye pete inayoishika paipu kwa nje. Kiungo hicho kinafaa kabisa pale kilipokusudiwa, na hakikukusudiwa breki. Hila inayonitisha kuliko zote ni ya kukunja paipu ya gurudumu linalovuja na kuigonga kwa nyundo mpaka izibe, ili gari liendelee na breki za magurudumu matatu. Mwenye gari huambiwa breki imepona kwa sababu pedali imekuwa ngumu. Hajaambiwa kwamba siku akikanyaga ghafla kwenye lami yenye maji, upande mmoja wa gari utashika na mwingine utaendelea na safari, na gari litageuka kutazama lilikotoka. Nimekwisha kuliona gari la abiria likiendeshwa hivyo kwa miezi, na dereva wake akiwaeleza wenzake stendi kama jambo la kujivunia.

Msimamo wangu ni mmoja: paipu ya breki iliyooza haiungwi, hubadilishwa kutoka kiungo chake cha kwanza hadi kiungo chake cha pili, na ikiwa imeoza mahali pamoja, kilichobaki nacho kinafuata. Kutu haikuchagua inchi moja ikaziacha nyingine. Paipu yangu ilipotolewa yote tuliikuta imeliwa sehemu nne, na kila sehemu ilikuwa chini ya kibanio cha plastiki kinachoishikilia kwenye chesisi, pale tope na chumvi hukaa bila kuoshwa, mahali ambapo jicho halifiki mpaka kibanio kifunguliwe.

Najua kuna watakaosema kwamba breki si kitu cha kugusa nyumbani, na kwamba mzee kama mimi anawaponza watu kwa kuwaambia wanaweza. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Matengenezo ambayo nusura yaniue yalifanyika gerejini, na yale yaliyodumu hadi leo yalifanyika uani kwangu, chini ya mwembe, na mwanangu wa pili ambaye ni fundi wa pampu za maji, kwa siku mbili bila haraka. Kinachotofautisha kazi njema na mbaya hapa ni muda na vifaa sahihi, na muda mtu wa nyumbani anao kuliko fundi mwenye magari matano yanayomngoja. Ila asiye na vifaa hivyo, au mwenye gari lenye breki za kompyuta zile zenye kisanduku cha pampu kinachogawa mafuta kwa kila gurudumu, hapo akubali kumlipa anayejua.

Kazi yenyewe huanza na kulipandisha gari vizuri. Jeki peke yake haitoshi. Gari liwekwe juu ya stendi za chuma au magogo mapana yasiyoyumba, na magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe. Baada ya hapo adui wa kwanza ni nati, ile ndogo inayoishikilia paipu kwenye kiungo, ambayo baada ya miaka kumi na tano huwa imeshikana na paipu na kiungo kwa pamoja kama vile vilizaliwa hivyo. Isugue kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, imwagie mafuta ya kulegezea kutu jioni, irudie asubuhi, na usiiguse kwa spana ya kawaida yenye mdomo wazi, kwa kuwa nati hiyo ni laini na itakuwa duara kabla hujamaliza kulalamika. Iko spana maalumu ya paipu, inayofanana na spana ya pete iliyokatwa upenyo mdogo, ambayo hupitishwa juu ya paipu na kuishika nati karibu pande zote. Ikiwa hata hiyo imeshindwa, na paipu ni ya kutupwa, ikate paipu karibu na nati kisha uvishe spana ya pete kamili au soketi ya pembe sita. Moto usitumike hapo. Mafuta ya breki hushika moto, na mipira iliyo ndani ya viungo huharibika kwa joto ambalo mkono wako haujalihisi bado.

Paipu ya zamani isitupwe mpaka mpya imekwisha kufungwa, kwa sababu ndiyo ramani ya kazi nzima. Ilaze chini, ifuate kwa kamba ili upate urefu, ongeza kidogo kwa ajili ya mikunjo. Kwa magari mengi ya Kijapani unene wa nje wa paipu ni milimita 4.75, na nati huwa na kipenyo cha milimita 10 chenye hesi za milimita moja, lakini asiende mtu dukani na namba zangu tu. Aende na paipu yenyewe mkononi na nati zake, azijaribu pale kaunta.

Kuhusu aina ya paipu, ziko njia mbili ninazozikubali. Ya kwanza ni chuma chenye mipako, kama ile iliyotoka kiwandani, ambayo ni nafuu lakini huoza tena. Ya pili ni ile ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambayo haipati kutu, hukunjika kwa mkono, na ambayo kampuni ya Volvo ya Uswidi imekuwa ikiiweka katika magari yake tangu miaka ya 1970. Ni ghali zaidi, na kwa anayebeba chumvi au samaki ndiyo ninayomshauri. Shaba tupu, ile ya mafundi wa friji, siikubali. Sisi tuliokulia chini ya Kilembe, mgodi uliotoa shaba tangu mwaka 1956 hadi 1982 na uliotuletea reli, wageni na Kiswahili hiki ninachokiandika, tuna mapenzi ya asili na shaba, na nimewasikia wazee wenzangu wakiisifu kwamba haiozi. Ni kweli haiozi. Lakini shaba tupu ikitikiswa siku baada ya siku hukakamaa, na ikikakamaa hupata ufa, na chini ya chesisi hakuna kinachokaa bila kutikiswa.

Sasa nafika kwenye sehemu inayowashinda wengi, ambayo ni mdomo wa paipu. Paipu ya breki haifungwi kwa mpira wala kwa tepu. Mdomo wake hupanuliwa kama tarumbeta, na nati inapokazwa huusukuma mdomo huo dhidi ya kiti chake cha chuma mpaka chuma kizibe kwa chuma. Magari ya Kijapani hutumia mdomo uliokunjwa mara mbili, yaani ukingo wa paipu hurudishwa ndani ili ukuta uwe maradufu pale unapobanwa. Magari mengi ya Ulaya hutumia mdomo wa aina nyingine, ulio kama uyoga, na aina hizo mbili haziazimani viti. Mdomo wa kupanuliwa mara moja tu, ambao ndio rahisi kuufanya, hupasuka ukingoni, na usipopasuka siku hiyo hupasuka baadaye.

Kifaa cha kupanulia midomo ni kidogo, hutoshea ndani ya sanduku la viatu, na kinafaa kununuliwa kwa ushirika na majirani watatu au wanne. Paipu ikatwe kwa kikata paipu chenye gurudumu, si kwa msumeno, ili ncha iwe mraba. Kisha ukingo wa ndani usuguliwe, na unga wa chuma upulizwe nje, kwa maana chembe moja ikifika kwenye masta silinda itakwaruza mpira na utakuwa umetengeneza uvujaji mpya huku ukiziba wa zamani. Nati ivishwe kwenye paipu kabla ya kupanua mdomo. Naandika sentensi hiyo peke yake kwa sababu mwanangu, fundi mwenye uzoefu wa miaka kumi, alitengeneza mdomo mzuri kuliko yote aliyowahi kuutengeneza, akausifu, akanionyesha, kisha tukaiona nati ikitutazama kutoka juu ya meza. Ikabidi tukate na kuanza upya. Mwenye busara hufanya mazoezi kwenye kipande cha kutupa mara tano au sita, na kila mdomo autazame kwenye mwanga: usiwe umeegemea upande mmoja, usiwe na mstari wa ufa, usiwe na makunyanzi. Asiyeutaka usumbufu huu aulize dukani paipu zilizokatwa tayari zenye midomo pande zote mbili, achague iliyo ndefu kidogo kuliko ya zamani, na urefu uliozidi aulaze katika mkunjo mpana.

Kukunja kufanywe juu ya kitu cha duara, hata mkebe, kamwe isikunjwe kwa koleo hata ikapata kovu. Paipu ifuate njia ileile ya zamani, mbali na ekzosti na mbali na kitu chochote kinachosogea, na vibanio vyote virudishwe. Watu wengi huacha vibanio viwili vitatu kwa kuwa vimevunjika, wakasema paipu imeshika vizuri hata bila hivyo. Paipu inayoning'inia hutikisika, na inayotikisika hukatika mdomoni, pale ulipofanya kazi yako nzuri.

Kutoa upepo ulioingia ndani ya paipu ni kazi ya watu wawili, mmoja kwenye pedali na mwingine kwenye nipo ya gurudumu, yaani kile kiskrubu chenye tundu cha kutolea hewa, akiwa na mpira mwangavu uliotumbukizwa kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Kopo la mafuta juu lisiachwe likauke hata mara moja, vinginevyo hewa huingia upya na mnarudi mwanzo. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na maji hayo ndiyo huozesha paipu kwa ndani na kushusha kiwango cha kuchemka: mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi kama nyuzi 140, na kwenye mteremko kama wa Kichwamba tofauti hiyo ina maana. Yakidondokea rangi ya gari yaoshwe kwa maji mara moja, la sivyo yatakuachia alama ya kazi yako juu ya mlango.

Kabla gari halijashuka kwenye stendi, mtu mmoja awashe injini akanyage pedali kwa nguvu zake zote na kuishikilia kwa muda, huku mwingine akipita kila kiungo na karatasi kavu. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho haliuoni. Pedali ikizama polepole, kazi haijaisha, hata kama hakuna tone linaloonekana. Ikisimama imara, endesha uani, kisha kwenye njia tupu kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha ukague viungo tena siku ya pili. Sisi tulikagua tena baada ya wiki, na nati moja ilihitaji robo mzunguko.

Ninalo ombi moja kwa wenye maduka ya spea wa Kasese, Bwera na Fort Portal, na nadhani madereva wengi wataniunga mkono. Tulipoihitaji paipu ya shaba na nikeli hatukuipata katika duka hata moja hapa mjini, na nati zake tulizipata kwa kufungua gari lililokufa; vyote vingine vilitoka Kampala kwa basi. Katika maduka hayohayo niliyopitia, mpira wa dizeli na klipu za bisibisi vilikuwa vimening'inizwa mlangoni, mahali pa kwanza mteja anapotazama. Waagize roli moja tu ya paipu hiyo, waikate kwa mita, na waweke nati za milimita 10 kwenye mkebe juu ya kaunta. Kwa wilaya inayosafirisha chumvi kila siku ya mwaka, roli hiyo haitakaa dukani hadi ikapata vumbi.

Wako,
Dereva mstaafu,
Kasese